Grenda Juu ya Mvule

Kuna video ya fundi akikarabati kabati la mvule, na kabati lile liliharibika kabla hata kopo la vanishi halijafunguliwa. Mlioitazama mmeona wenyewe: fundi anapapasa mlango, anasema rangi imezeeka, kisha anawasha grenda yenye diski ya msasa namba 40. Ni rangi gani? Hakujiuliza.

Jibu lilikuwa mbele ya macho yake. Ule wekundu uliokolea, wenye nyufa nyembamba kuzunguka kitasa, una kila dalili ya polishi ya shelaki, na shelaki huyeyuka kwa spiriti. Unalowesha pamba, unasugua nyuma ya mguu pasipoonekana. Ikianza kunata na pamba ikashika rangi, kazi imekwisha kujieleza. Isipotoka, unajaribu thina. Vyote vikishindwa ndipo msasa uanze, kwa mkono, namba 120 hadi 220, kufuata nyuzi za mbao.

Rudieni kipande kile cha video, mtazame diski tu. Joto linalainisha shelaki, utando unaziba msasa, msasa haukati tena. Naye badala ya kusimama anakandamiza. Hapo ndipo ilipoingia mikwaruzo ya mviringo. Vumbi liliificha, vanishi ikaifichua, akaongeza mkono wa pili wa vanishi, ikazidi kuonekana. Na lile ua lililochongwa mlangoni, lililokuwa na kingo kali, limebaki kama kipande cha sabuni kilichotumika.

Lakini kinachoniuma zaidi ni rangi ya mbao yenyewe. Mvule ukipasuliwa huwa wa manjano. Mwanga na hewa huugeuza kahawia miaka nenda miaka rudi, na kahawia hiyo hukaa juu juu tu. Diski iliipangusa yote. Kisha akapaka rangi ya mahogani ili kurudisha uzee alioufuta mwenyewe! Nimelisema hili mara nyingi na nitalisema tena: mvule na mninga haihitaji kuvishwa rangi ya mti mwingine.

Viungo vya droo alivitia gundi na kuvibana vizuri. Barakoa hakuvaa, ilhali vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua.

Mafundi wa pwani wa zamani walisugua mbao kwa majani makavu ya mti wa msasa, kiganja kikijua kila mahali pa kupunguza nguvu. Nendeni Jumba la Makumbusho la Lamu mkavitazame viti vya enzi, na vipande vyembamba vya pembe na mfupa vilivyopachikwa ndani ya mbao nyeusi. Mpitisho mmoja wa diski ile ungevisaga vyote.

Wewe mwenye kabati la bibi yako nyumbani, nunua spiriti na pamba kwanza. Grenda waachie wachomelea vyuma.