Nyumba Hii Inataka Fundi

Nyumba ya miti na udongo haifi kwa uzee. Huuawa na paa. Makuti yakichakaa na asiwepo wa kuyabadilisha, masika ya kwanza hulowesha kiambaza, ya pili huacha fito wazi, na ya tatu hukuta upande mzima umelala chini. Lakini akiwepo mtu wa kuezeka upya makuti yanapochoka, na wa kukandika udongo unapobanduka, nyumba hiyo hiyo hulea wajukuu wa aliyeijenga. Nina ndoto ya kununua nyumba ya namna hiyo, na kadiri ninavyoiwaza ndivyo ninavyozidi kuona kuwa ninachokitamani hasa ni ufundi uliomo ndani yake.

Ndoto yenyewe si yangu peke yangu. Dar es Salaam wengi wa rika langu wanayo: kijumba cha zamani shamba, kisima, minazi michache, mihogo, kuku, na kuagana na kodi ya pango na foleni. Tunaizungumza jioni kwenye kahawa, kila mtu na upande wake, huyu Mkuranga, yule Bagamoyo, mwingine Kilwa. Yangu iko ng'ambo ya mto Pangani, ukishavuka hadi Bweni na kushika njia ya kusini.

Ni nyumba yenye mpango unaojulikana pwani nzima: baraza mbele, ukumbi unaopita katikati, vyumba kulia na kushoto, na uani jiko, choo na kisima. Ubavuni udongo umebanduka kiasi cha upana wa mlango, na hapo kazi ya mjenzi imebaki wazi. Nguzo zimesimikwa kwa kukaribiana. Fito zimelazwa ndani na nje, zikafungwa kwenye kila nguzo kwa kamba ya usumba, na nafasi iliyobaki kati yake ikashindiliwa mawe madogo ya matumbawe pamoja na udongo mwekundu. Udongo wa kwanza ulipokauka na kupasuka, ukapakwa wa pili, laini zaidi, wa kuziba nyufa. Karibu na dirisha alama za vidole vinne vya mkandikaji bado zipo, zimepinda kufuata mkono wake ulivyokuwa ukipanda. Huyu alipima kwa jicho, na kona yake mpaka leo imenyooka.

Nguzo ni za mkandaa, mmojawapo wa miti ya mikoko. Mafundi wa pwani waliupenda kwa sababu mchwa hawaupendi. Ganda lake lina ukali ule ule uliotumika kutengenezea ngozi na kutia rangi. Boriti za mikoko kutoka Rufiji na Lamu zilipakiwa kwenye majahazi hadi Oman na Ghuba, ambako miti ya kubeba dari ilikuwa haba. Na ukiingia jumba la kale la mawe, Lamu au Unguja, utaona vyumba virefu lakini vyembamba, upana wake karibu mita 3 tu, kwa sababu boriti ndiyo iliyoamua. Mjenzi alikubali kipimo cha mti, akapanga maisha ya nyumba nzima ndani ya kipimo hicho. Leo mikoko haikatwi bila kibali, na ni haki, maana tuliikata mno. Fundi wa sasa husimika mvinje, na kazi inaendelea.

Halafu paa. Makuti ya kuezekea ni ya viungo. Kuti la kumba husukwa zima zima, nalo ni la uzio na la kusitiri choo. Kuti la viungo hushonwa. Mshonaji, mara nyingi mwanamke aliyeketi kwenye jamvi chini ya mwembe, huchukua majani ya mnazi akayakunja moja moja juu ya kijiti kirefu, kila jani likilalia ubavu wa mwenzake kama magamba ya samaki, kisha hupitisha ung'ong'o chini ya mkunjo na kuukaza kwa kidole gumba. Huku anaongea na jirani, na macho hayako mikononi. Mwezekaji naye huanzia mchirizini, kuti la chini kwanza, akipanda kuelekea kwenye mwamba. Siri ya kazi yake iko kwenye nafasi. Akiyabana makuti, vidole vichache tu kati ya moja na la pili, paa litadumu miaka kadhaa. Akiyatanua ili apunguze gharama, mvua itamwumbua mapema. Mteremko uwe mkali, maji yakimbie. Moshi wa kuni ukipanda kutoka jikoni huyapaka masizi makuti kwa ndani, na wadudu huyakimbia. Mchana wa Februari, upepo wa kaskazi umelegea, chini ya bati hapakaliki. Chini ya makuti mtu analala usingizi.

Hapa ndipo ninapoona maana ya kujitegemea. Karibu kila kitu nilichokitaja kilipatikana kwa mwendo wa miguu. Udongo ulichimbwa hatua chache kutoka kwenye nyumba, na shimo lake likapandwa migomba. Mnazi uliotoa makuti ulitoa pia tui la wali, mafuta, kifuu cha upawa, chelewa za fagio, na makumbi ambayo hufukiwa kwenye tope la ufukweni kwa miezi, yakapondwa, yakasokotwa kamba ya kufungia fito zile zile. Chumvi, sabuni na nguo vilinunuliwa. Hakuna aliyejidai kuishi bila duka. Wala hakuna aliyejenga peke yake. Siku ya kukandika vijana hukanyaga udongo, watoto huchota maji, wenye mikono mizuri hukandika, na mwenye nyumba huwapikia wote. Ndoto yetu ya mjini hupenda kumwona mtu mmoja na kisima chake. Nyumba hii haikujengwa na mtu wa namna hiyo, wala hataweza kuitunza.

Baada ya uhuru tulihimizwa nyumba bora, yaani tofali na bati. Kati ya 1973 na 1976 Operesheni Vijiji ikawahamisha mamilioni ya Watanzania kutoka kwenye makazi yao, na hadi leo ukipita porini utayajua mahame kwa miembe iliyosimama pasipo na nyumba. Simlaumu aliyeweka bati. Makuti hushika moto, hudai fedha kila baada ya miaka michache, na ugonjwa wa kunyong'onyea umeua minazi mingi ya pwani. Ninacholaumu ni kwamba ufundi huu tuliuita umaskini, mtoto wa mwezekaji akaona haya kushika ung'ong'o. Hoteli za ufukweni hazikuona haya. Zinamwajiri mwezekaji huyo huyo, na mgeni analipa fedha nyingi alale chini ya kazi yake.

Kwa hiyo wewe mwenye ndoto kama yangu, ukiipata nyumba, usianze na bei. Pita kwanza kwa halmashauri ya kijiji, kwa kuwa ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na majirani wa mipakani wawepo. Uliza minazi ni ya nani, maana pwani mti na ardhi huweza kuwa na wenyewe tofauti. Kisha uliza nani anaezeka hapo, na anamfundisha nani. Akiwepo, mlipe vizuri na umwombe aje na kijana wa kumsaidia, ukimlipa na huyo pia. Asipokuwepo, mtafute kijiji cha pili kabla hujatoa shilingi. Makuti mabichi usiyakate ovyo, kwani mnazi uliokatwa mno huzaa kidogo. Na panda mingine mwaka huo huo: mnazi mrefu wa asili huchukua miaka 6 au zaidi kabla ya kuzaa.