Bado

Nilikuwa nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza, Kibaha, mwanafunzi aliponiuliza: "Mwalimu, 'still' si ndiyo bado?" Nikasema ndiyo. "Na 'yet'?" Nayo bado. Darasa likacheka, nikacheka nalo, lakini jibu langu lilinikera mpaka kituoni Maili Moja.

Pale konda alikuwa anaita, "Bado mmoja! Bado mmoja!" Huyo mmoja tulimsubiri nusu saa. Sasa bado ya konda si 'still' wala si 'yet'. Inahesabu kilichopungua, sawa na "bado siku tatu Idi", au "bado wewe" ya watoto wanaopangana zamu ya kuoga. Nadhani neno letu linakaa hapo hasa: linaonyesha pengo, kisha kitenzi kinasema ni pengo la nini. Bado yupo: kilichopungua ni kuondoka. Bado hajafika: kilichopungua ni kufika. Kiingereza kimeligawa pengo hilo kwa watu wawili.

Ndiyo maana huudhika nikikuta makala ya Kiswahili imeanza sentensi kwa "Bado, serikali ina wajibu", mwandishi akiwa na 'still' ya kupinga kichwani. Hiyo ni "hata hivyo", na haijafa.

Ila kosa kubwa zaidi nimelifanya mimi. Kaka yangu aliondoka Kisarawe mwaka 2012 kwenda Afrika Kusini. Nilipoandika habari zake kwa Kiingereza, nilimpa mama sentensi yenye 'still': bado hajarudi. Rafiki akasoma, akaniambia mama yako ana hasira. Hana. 'Still' ikikutana na ukanushi huanza kunung'unika, kama mtu anayetazama saa. 'Yet' nayo ina matumaini mno, kama mtu aliyeshapewa tarehe.

Majirani wakimuuliza, mama hujibu "Bado", basi. Hajawahi kusema "hakurudi". Hiyo -ku- ingefunga mlango, wakati -ja- huuacha umerudishwa tu. Mjomba husema "hakurudi", tena mbele za watu, na tangu alipoanza kusema hivyo mama hazungumzi naye habari za kaka.

Nimefuta 'still'. Katika Kiingereza changu sasa mama anajibu kwa Kiswahili, bila maelezo. Mhariri ameniomba niweke maana yake kwenye mabano. Sijamjibu.