Egeskov ni muzuri, lakini nani alibeba ile miti?

Wengi wetu Ulaya tunaijua kwa foto tu. Foto moja inayopendwa ni ya Egeskov, kasri ya kisiwa cha Fyn kule Denmark: matofali mekundu, minara, maji pande zote. Tuseme kweli, ni muzuri.

Frands Brockenhuus aliimaliza mwaka 1554, ndani ya ziwa, juu ya nguzo za mwaloni zilizopigizwa chini ya maji. Wenyeji wanasimulia kwamba pori zima la mialoni lilikatwa. Na jina Egeskov maana yake njo hiyo: pori la mialoni.

Juu ya nini mutu ajenge majini? Juu ya woga. Kati ya 1534 na 1536 Denmark ilikuwa katika vita ya wenyewe kwa wenyewe, na wakulima walichoma nyumba za wakubwa. Ukuta munene na maji havikuwa mapambo.

Hapa njo nina lawama. Matembezi ya pale yanauza urembo: maua, njia za kupotezana ndani ya majani, magari ya zamani. Kuna na hadithi ya sanamu ya mbao iliyolala chini ya paa. Eti ikiondolewa mahali pake, kasri itazama usiku wa Noeli. Watoto wanafurahi, na ni haki yao. Lakini mukubwa naye anaweza kuzunguka siku nzima na kutoka bila kujiuliza nani alilima yale mashamba.

Jibu liko katika sheria yao wenyewe. Tangu 1733 mpaka 1788, stavnsbånd ilimufunga mwanaume mukulima kwenye shamba la bwana alipozaliwa. Kuhama bila ruhusa, hapana. Na ni bwana aliyechagua nani apelekwe jeshini. Utulivu wa bustani hizi ulilipwa na watu wasiokuwa na haki ya kutoka.

Sisemi tusiende, ao tuache kupenda. Nasema mutu aliyesoma asiangalie nyumba kubwa kama mutoto anavyoangalia keki. Na tusicheke Wadenmark mbio: kwetu pia tunapiga foto za ndoa mbele ya nyumba za wakoloni, na hakuna anayeuliza nani alibeba mawe. Uzuri wa ukuta hauharibiki ukitaja mikono iliyoujenga. Unaanza kuwa wa kweli.