Yamaha C40: Gitaa la Kwanza Ndilo Hili, Tusizungushane!

Ndiyo kwanza limetoka kwenye boksi, harufu ya vanishi imejaa chumba kizima, na hukumu ninayo tayari: kama hujawahi kumiliki gitaa maishani na unatafuta la kuanzia, chukua Yamaha C40. Basi! Ningeishia hapo, ila huyu mnyama ana mambo ambayo siwezi kukaa nayo kifuani.

Nyuzi kwanza. Jamani, nyuzi! Ni za nailoni. Tatu nyembamba ni nailoni tupu, na zile tatu nene zina kiini cha nailoni kilichozungushiwa waya mwembamba. Ukizibonyeza zinakubali bila ugomvi. Gitaa la nyuzi za chuma huzivuta nyuzi zake kwa nguvu ya karibu mara mbili ya hizi, na nguvu yote hiyo inaishia kwenye ncha za vidole vyako laini ambavyo jana vilikuwa vinachezea simu tu. Magitaa mangapi yananing'inia kwenye kuta za sebule mjini humu, yamejaa vumbi? Sehemu kubwa ya wenye nayo hawakukosa kipaji. Waliumia vidole, wakasema watapumzika kidogo, mpaka leo. Gitaa la kwanza kazi yake kubwa ni moja: lisikupe sababu ya kuliacha. Hapo ndipo C40 linaponimaliza kabisa.

Halafu shingo. Ni pana! Pale juu, karibu na kichwa, ina milimita 52, wakati magitaa mengi ya chuma yana 43 hivi. Milimita tisa zinaonekana si kitu mpaka uweke vidole vitatu kwenye kodi ya C, na kwa mara ya kwanza kila uzi ulie peke yake, safi, bila kidole cha jirani kuuziba. Nilicheka kwa sauti. Ni kweli, upana huo huo utakutoa jasho siku utakapofika kwenye kodi ya F, ile ya kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote, na mwenye mkono mdogo atalalamika mapema zaidi. Kwa mtoto msihangaike nalo, yupo mdogo wake, CS40: nyuzi zake zina urefu wa milimita 580 badala ya 650.

Hizo 650 zina ukoo wake. Ni kipimo alichokishika Antonio de Torres, fundi wa Almería, Hispania, katika karne ya 19, na umbo la gitaa la klasiki tulilonalo leo kwa kiasi kikubwa ni kazi ya mikono yake. Nailoni ilikuja baadaye sana. Kabla yake watu walipigia nyuzi za utumbo wa wanyama, hadi miaka ya 1940, Albert Augustine wa New York alipoanza kutengeneza za nailoni na Andrés Segovia, mfalme wa gitaa la klasiki, akazikubali. Kwa hiyo kitu hiki cha bei ya mwanafunzi kimebeba akili za watu wazito.

Na ndiyo, ni Yamaha ile ile ya injini za boti! Torakusu Yamaha alianza mwaka 1887 kwa kutengeneza kinanda kibovu cha shule moja mjini Hamamatsu, Japani. Pikipiki zilifuata mwaka 1955 kwa kampuni iliyochipuka kutoka ya muziki. Ukiitazama nembo vizuri utaona uma tatu za kupimia sauti zimepishana. Wavuvi wetu wanaelea na uma za muziki, na hakuna aliyewaambia.

Sasa mbao, na hapa wajuaji watanirukia. Uso wa mbele ni wa sprusi, mgongo na mbavu ni meranti, na sprusi yenyewe ni ya tabaka zilizounganishwa kwa gundi, si ubao mmoja mzima. Mwenye sikio la kitaalamu atakwambia ubao mzima hulia vizuri zaidi na huzidi kukomaa kadiri miaka inavyokwenda. Hajakosea. Lakini wewe unaishi Tanga, Mombasa au Dar, ambako hewa yenyewe inakamulika, kisha unapanda nalo basi kwenda Iringa kwenye ubaridi mkavu. Ubao mzima huvimba na kusinyaa, na ukikasirika hupasuka. Tabaka huvumilia. Kwa anayeanza, mimi nachagua uvumilivu mchana kweupe.

Sauti yake je? Nene na ya mviringo, haina ukali. Gumba likigusa uzi wa sita, kifua kinatetemeka. Nikajaribu kupiga kwa gumba na kidole cha shahada, mtindo wa Mwenda Jean Bosco, yule mtu wa Katanga aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952. Ule mng'ao wa chuma haupo hapa, niseme ukweli. Lakini kwa kujifunzia, gumba likienda na besi huku kidole kikisuka juu, nafasi baina ya nyuzi ni anasa tupu.

Wapo wanaosema la kuanzia liwe lolote la bei chee, maana Franco Luambo, yule wa rumba ya Kongo, alijitengenezea lake utotoni, na John Lennon wa Beatles alikuwa na gitaa la Afrika Kusini, Gallotone Champion, siku alipokutana na Paul McCartney, 6 Julai 1957. Sawa kabisa. Ila wale walikuwa Franco na Lennon! Sisi wengine tukipewa gitaa lisilokaa kwenye tyuni tutadhani masikio yetu ndiyo mabovu.

Kama moyo wako uko kwenye gitaa la chuma na hutaki kusikia lingine, kamata F310 la kampuni hiyo hiyo: shingo nyembamba, nyuzi za milimita 634, sauti inayong'aa. Vidole vitalia wiki za mwanzo, usije ukasema hukuambiwa. La umeme la kupigia solo za dansi ni tamu, na nyuzi zake ni laini, lakini hesabu na amplifaya, waya na umeme wa kukatika. Lisubiri.

Dukani usinunue boksi lililofungwa. Litolewe, ulishike. Tazama shingo kwa jicho moja kuanzia kichwani kama imenyooka. Bonyeza kila uzi kwenye kila freti, yale mapande membamba ya chuma yaliyolala shingoni, usikilize mkwaruzo. Kisha jaribio ninalolipenda kuliko yote: freti ya 12 iko katikati kabisa ya uzi. Gusa uzi kidogo tu juu ya freti hiyo, upige, utasikia sauti ya kengele. Sasa bonyeza hapo hapo upige tena. Sauti mbili zikifanana, lipia. Zikipishana, lirudishe, hata muuzaji akuapie kwa jina la mama yake, maana gitaa hilo litakusumbua tyuni kila ukipanda shingoni.

Ukifika nalo nyumbani litakutoroka kwenye tyuni kila baada ya dakika chache. Usishtuke! Nailoni mpya hunyooka kwa siku kadhaa ndipo itulie. Pakua programu ya kutyuni kwenye simu, zipo za bure, na uziweke nyuzi sawa kila unapoketi kupiga. Pesa iliyobaki inunue begi lenye sponji na seti moja ya nyuzi za akiba. Kapo, kile kibanio cha shingoni, na mikanda ya urembo vitakuja vyenyewe. Ila sikia hili, na fundi wa mtaani asikudanganye: seti hiyo iwe ya nailoni. Ukifunga za chuma ili lilie kwa nguvu zaidi, daraja, kile kipande kinachoshikilia nyuzi tumboni, linaweza kung'oka na uso wa mbele, na hilo halitengenezwi kwa gundi ya viatu.