Kuendeleza Libeneke

Bandiko la kwanza la blogu nyingi halisomeki. Mwenyewe anawakaribisha wasomaji wapendwa, anatangaza kwamba ukumbi huu utagusa masuala ya kijamii, kiuchumi, kisiasa na kiutamaduni, anaomba ushirikiano, kisha anapotea miezi sita. Mama ntilie hafungui genge kwa hotuba. Anainjika sufuria, harufu inamtangaza. Anayeanza angeliruka bandiko hilo la ukaribisho na kuingia moja kwa moja kwenye la pili, angejiokolea nusu ya nguvu zake.

Nasema hivi kwa sababu naipenda kazi hii na naona inadharauliwa. Ukisema una blogu siku hizi unaulizwa kama bado zipo. Video fupi zimewateka watu, sikatai. Lakini ya juzi ukiitaka leo, itafute hadi uchoke. Bandiko la blogu lina tarehe, lina kichwa, lina anwani yake, na mtu anayetafuta namna ya kulea vifaranga anaweza kulikuta miaka kumi baada ya wewe kulisahau.

Kwa Kiswahili kazi hii ina waasisi wanaojulikana. Ndesanjo Macha, mwanasheria na mwandishi wa Tanzania, alianza blogu yake, Jikomboe, wakati watu wengi wakiona intaneti ni uwanja wa Kiingereza. Mwaka 2005 akafuata Issa Michuzi, mpiga picha za magazeti, na huyu ndiye ninayemtaja kila ninapoulizwa ufundi wa blogu uko wapi. Picha moja, chini yake mistari miwili mitatu, basi. Harusi, msiba, kiongozi akishuka kwenye ndege, barabara iliyojaa maji. Mwenyewe alijiita Ankal, wasomaji wake akawaita wadau, na kuendelea na kazi bila kuchoka ndiko kuendeleza libeneke. Mtanzania aliye ughaibuni alifungua ukurasa ule ajue nani kaoa na nani katutoka. Magazeti nayo yalikuwa na picha. Yalichokosa ni mtu anayekuzungumzisha.

Tazama maelezo ya picha tu. Mazoea yetu ni kuandika: "Pichani, baadhi ya wageni waalikwa wakibadilishana mawazo." Mawazo gani? Hakuna aliyewahi kuambiwa. Sasa andika hivi: "Wa pili kushoto, mwenye kanzu, ndiye bwana harusi, aliyemshika bega ni mjomba wake, kaingia alfajiri na basi la Tanga, hata koti hajavua." Maneno yameongezeka kidogo, lakini sasa kuna safari, kuna ujamaa, kuna uchovu, na yupo aliyesimama pale akaona. Mhariri wa gazeti angelifuta lile koti apate nafasi. Kwenye blogu hakuna wa kulifuta, na kwa maoni yangu koti ndilo habari yenyewe. Kila ninaposoma kazi ya anayeanza, natafuta koti. Nikilikosa katika mabandiko matatu mfululizo, najua huyu anaiga taarifa kwa vyombo vya habari.

Si kwamba blogu ni ya mambo madogo peke yake. Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa akiandika Kenyan Pundit kwa Kiingereza, akaendelea kubandika alichokiona na alicholetewa na wasomaji. Mapema Januari 2008 akauliza hapohapo kama kuna mafundi wa kompyuta wanaoweza kuonyesha kwenye ramani mahali ghasia zinapotokea. Wanablogu wenzake wakaitika, wakiwamo Erik Hersman na Juliana Rotich, na katika siku chache ramani hiyo, iliyoitwa Ushahidi, ikawa hewani. Swali lile liliitikiwa upesi kwa sababu aliyeuliza alikuwa na wasomaji waliomzoea. Huwezi kuwakusanya watu hao siku ya moto.

Mengine ni ya kiufundi na hujifunzwa upesi. Picha ya simu yenye MB nne humla msomaji bando kabla hajaona sentensi, ipunguze. Kichwa kiseme kilichomo, kwa maana wengi watakiona kichwa peke yake kwenye WhatsApp. Ukichukua kitu kwa mwenzako, mtaje na uweke kiungo cha kwake, si kwa adabu tu bali msomaji akahakikishe mwenyewe. Aliye Tanzania aulizie pia taratibu za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kabla ya kufungua. Kanuni za mwaka 2018 zilidai shilingi 100,000 za maombi na 1,000,000 za leseni, na wapo waliofunga blogu kuliko kulipa. Kanuni zimeandikwa upya tangu hapo, ila jeraha lile lilirudisha nyuma uandishi wa Kiswahili mtandaoni kuliko video zote tunazozilaumu.

Jambo ninalolihusudu kuliko yote ni sahihisho. Gazeti likikosea leo, hurekebisha siku nyingine, kwa herufi ndogo, ukurasa wa ndani. Mwanablogu anaandikiwa na mdau wa Muscat kwamba mtaa ule wa Unguja si Malindi, ni Vuga, na kwamba yeye amezaliwa hapo. Anarekebisha palepale, anaweka tarehe ya marekebisho, hafichi kwamba alikosea, anashukuru. Mdau yule kesho anarudi na la pili: msikiti uliotajwa nao haupo upande huo. Hapo anayeanza ameshapata msomaji, na pengine bandiko la wiki ijayo.