Kadi ya Alimbongo na Wimbo wa Nne

Alimbongo, kwenye barabara ya taifa namba 2 ya Kongo, kati ya Lubero na Kanyabayonga, watu wengi hukaa bila kupanga. Lori likizama kwenye tope, abiria wanashuka, wanajifunika makoti, wananunua viazi vya kuchoma na kungojea. Mimi nilingojea ndani ya kibanda cha kuchajia simu, maana nje ukungu ulikuwa unaingia mpaka kwenye mifupa. Juu ya bati kulikuwa na sola moja, chini ya meza betri ya gari, na juu ya meza kompyuta ya mkononi yenye kioo kilichopasuka pembeni. Kijana mwenye kibanda alikuwa anauza kadi za kumbukumbu za simu, zilizojazwa nyimbo na video tayari. Nikanunua moja ya GB 2, nikaichomeka kwenye redio yangu ndogo, tukaendelea na safari usiku.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa Fally Ipupa. Wa pili ni kwaya ya Kinande ninayoifahamu. Wa tatu, Diamond Platnumz. Wa nne sikuujua: gitaa moja, sauti mbili za vijana, na kabla gitaa halijaanza, mtu anasema kwa Kiswahili chetu cha huku kwamba hapa ni Alimbongo, akataja jina lake, akataja na la mwenzake. Halafu tukarudi kwa mastaa. Wa nane, sauti ile ile. Wa kumi na mbili ulikuwa mchezo wa kuchekesha juu ya mtu anayebishana na simu isiyo na mega za intaneti, na mtunzi alikuwa yule yule. Nikajua hiyo si bahati. Kuna mtu amekaa chini akapanga.

Nilipofika Butembo niliifungua kadi kwenye kompyuta, nikapigwa na butwaa. Katika orodha, kazi zote za mwimbaji yule zilikuwa zimerundikana mwishoni, kwa sababu alizipa majina yanayoanza na X. Kama redio ingefuata alfabeti, ningezisikia mwishoni kabisa, yaani nisingezisikia. Sasa zilifikaje kwenye nafasi ya nne?

Jibu liko kwenye namna kadi inavyotunza mambo. Kadi ndogo kama hii hutumia mpango wa zamani unaoitwa FAT. Ndani yake kuna kitu kama daftari la mahudhurio: kila faili linaloingia linaandikwa kwenye mstari unaofuata. Kompyuta ikikuonyesha folda, inachukua daftari hilo na kukupangia kwa alfabeti ili upate raha. Redio ya bei nafuu haina muda huo. Inasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, kama zilivyoandikwa. Nilifungua dirisha jeusi la amri, nikaandika dir bila kitu kingine, na orodha ikatoka jinsi ilivyo kwenye daftari: tatu za watu, moja ya kwake, tatu za watu, moja ya kwake. Yule kijana wa kibanda, kumbe ndiye mwimbaji, hakunakili folda nzima kwa mkupuo. Aliingiza faili moja moja kwa mkono, kadi baada ya kadi.

Niliporudi kupitia njia ile ile nilimuuliza kwa nini nafasi ya nne na si ya kwanza. Alinijibu huku akichomeka chaja ya mama mmoja aliyekuwa na haraka. Wimbo wa kwanza mtu anajaribu redio, wa pili anaongeza sauti, wa tatu jirani anasogea. Wa nne ndio wenye wasikilizaji wawili. Sijasoma mahali popote hesabu nzuri kuliko hiyo kuhusu namna ya kumtanguliza mtu mashuhuri ili asiye mashuhuri apite nyuma yake.

Sehemu ya pili ya ufundi ni ukubwa. Kadi ya GB 2 kompyuta inaionyesha kama 1.86, kwa kuwa kiwanda kinahesabu kwa elfu na kompyuta inahesabu kwa 1,024. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula karibu megabaiti moja kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika nne unakaribia megabaiti nne. Yeye anazishusha nyimbo za watu hadi kilobiti 64, na njia mbili za sauti anazifanya moja, kwa hoja kwamba simu ya vibonye ina spika moja tu. Nafasi inaongezeka mara mbili. Video anazibana hadi umbo la 176 kwa 144, linalotosha kioo cha ukubwa wa kiberiti. Alikuwa na video ya kutengeneza kiota cha umeme cha kutotolea mayai, nyingine ya kubadilisha kioo cha simu, na magoli. Anazipakua Butembo, mara moja, kwa mega zake mwenyewe. Baada ya hapo zinapanda mlima bila kulipiwa tena.

Kazi zake mwenyewe haziteremshi. Zinabaki 128. Kwanza nilidhani ni majivuno, kumbe ana sababu. Mwanzoni alikuwa anarekodi kwa kinasa sauti cha simu kinachotoa faili la AMR. Faili hilo ni dogo ajabu, dakika moja haifiki kilobaiti 100, lakini lilitengenezwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu: linapitisha sauti kati ya hezi 200 na 3,400 hivi, zilizobaki linatupa. Nyuzi nene za gitaa zinapungua mwili, na herufi s inakuwa kama upepo. Ukichukua sauti iliyokwisha kukatwa namna hiyo ukaibana tena, hakuna kinachobaki cha kusikiliza. Akatafuta programu ya simu inayorekodi sauti bila kuibana, akaanza kuimba ndani ya ghala la viazi. Magunia yananyonya mwangwi. Kipaza sauti cha simu anakifunika kwa kitambaa cha kitenge, mkunjo mmoja. Kwenye wimbo wa nane, ukitega sikio, unasikia gunia likiporomoka taratibu nyuma ya ubeti wa pili. Hakuliondoa, na alifanya vizuri.

Ufundi wa tatu ndio ninaouheshimu zaidi, na ndio pia wenye kasoro. Jina lake hakuliweka kwenye jina la faili. Aliliweka ndani ya sauti. Jina la faili linafutwa na mtu yeyote mwenye kidole. Sauti iliyoimbwa juu ya gitaa haibanduki. Sisi Wakongomani jambo hili tunalijua, maana wanamuziki wetu wa Kinshasa wamefanya biashara nzima ya kurusha mabanga, kutaja majina ya wenye fedha ndani ya wimbo. Yeye amejitaja mwenyewe, bure.

Nini kinatokea jina lisipokuwa ndani? Uliza Kidal, kaskazini mwa Mali. Huko Mmarekani Christopher Kirkley alikusanya nyimbo kutoka kadi za simu za watu, zilizokuwa zikirushwa kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu, akazitoa kama mkusanyo uitwao Music from Saharan Cellphones. Nyimbo nyingi zilikuwa na majina ya faili yaliyovurugika au hazikuwa na jina la mwimbaji, ikabidi aanze kuwatafuta wenyewe. Mmoja aliyepatikana ni Mdou Moctar wa Niger. Alikuwa amerekodi Sokoto, Nigeria, mwaka 2008, na wimbo wake ulisafiri jangwani kwenye kadi bila yeye kujua unafika wapi. Leo anapiga gitaa kwenye majukwaa ya dunia. Lakini ilihitaji mtu wa kupiga simu nyingi.

Na huku kwetu karibu, Wakaliga ya Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza filamu ya Who Killed Captain Alex? na kuweka kionjo chake mtandaoni mwaka 2010. Faili za awali zimepotea, kwa sababu kompyuta ilibidi isafishwe kupata nafasi ya filamu iliyofuata. Toleo tunaloliangalia leo ni lile lenye sauti ya VJ Emmie juu yake, akitania, akisifu, akitangaza. Kazi ya VJ katika mabanda ya video ya Uganda ni hiyo: anachukua filamu ya watu aliyoipenda na kuitia maneno yake humo humo. Anayeipenda filamu na anayetunga ni mtu mmoja, na ukikata sauti yake huna tena kitu.

Sasa kasoro. Kijana wangu wa Alimbongo amelilinda jina lake, akayafuta ya wengine. Faili za nyimbo alizookota zinaitwa AA01, AB07, AC12. Ile kwaya ya Kinande, ambayo nayo pengine ilirekodiwa kwenye ghala fulani, haina jina popote kwenye kadi. Anasema majina mafupi yanapendwa na redio za bei nafuu, na ni kweli, jina refu linakula mistari kadhaa ya daftari. Lakini herufi nane zinatosha kuandika kitu. Angeweza kutumia sauti yake hiyo hiyo, sekunde tano, kutaja jina la kwaya pia.

Kuna pia udhaifu mwingine ambao hana dawa yake. Mnunuzi akifuta wimbo mmoja na kuingiza mwingine, mpya huweza kuangukia kwenye mstari ulioachwa wazi, mpangilio wote ukaharibika.

Desemba 2024 vita vilifika Alimbongo, na watu walishuka kuelekea Lubero na Butembo na virago vyao. Miezi kadhaa baadaye nilikuwa kwa fundi wa pikipiki, Butembo, redio yake iko juu ya tairi. Ukapita wimbo, wa pili, wa tatu, wa nne, hakuna. Kwenye wa sita nikasikia gitaa lile. Juu yake kulikuwa na sauti ngeni ya mjini ikitangaza kibanda kingine cha kujazia kadi, na chini ya hiyo, kwa mbali kidogo, yule kijana anataja jina lake na la mwenzake. Nikamuuliza fundi anayeimba ni nani. Akaendelea kukaza nati bila kuinua kichwa. "Ni wa Alimbongo, papa. Si amesema?"