Kwenda Brest na Kurudi

Kila baada ya miaka minne, mwezi Agosti, maelfu ya waendesha baiskeli hukusanyika nje kidogo ya jiji la Paris, wakaelekea magharibi hadi mji wa bandari wa Brest, kisha wakageuza na kurudi walikotoka. Ni kilomita zipatazo 1,200, na muda mrefu kuliko wote unaoruhusiwa ni saa 90. Njia hiyo haina mlima hata mmoja wa kutisha. Ina vilima tu, vya Normandia na vya Brittany, kimoja kikiisha kingine kinaanza, na ukijumlisha miinuko yote unapata zaidi ya mita 10,000, kimo kinachokaribia Kilimanjaro mbili. Kila mmoja hubeba kadi inayogongwa muhuri kwenye vituo vya ukaguzi, na kati ya kituo na kituo haruhusiwi kusaidiwa na gari linalomfuata. Hakuna zawadi ya mshindi. Aliyefika kwa saa 50 na aliyefika kwa saa 89 huandikwa katika orodha moja, ile ya waliomaliza.

Mtindo huu wa kuendesha, ambao kwa safari hii ya Paris–Brest–Paris unasimamiwa na klabu ya Audax Club Parisien, unanishawishi kuwa safari ndefu ya baiskeli ni ufundi kwanza, nguvu baadaye. Kiini cha ufundi huo ni kukadiria: kujua ulichonacho mwilini, kukigawa kwa kilomita zilizobaki, na kuheshimu hesabu hiyo hata pale miguu inapodai zaidi au kichwa kinapodai kidogo. Angalia jinsi kanuni zilivyopangwa. Anayetaka kwenda Brest hana budi kwanza kumaliza safari za kilomita 200, 300, 400 na 600, kwa saa 13 na nusu, 20, 27 na 40. Ukigawanya, unapata mwendo wa kilomita 15 hivi kwa saa, vituo vya kula, kulala na kuziba pancha vikiwemo. Mtu mzima mwenye afya na mazoezi ya kawaida anaweza kwenda kasi hiyo kwa saa moja bila shida. Kazi ni kuidumisha saa 40. Tena kuna kikomo cha upande wa pili: kituo hakifunguliwi mapema mno, kwa hiyo anayekimbizana na upepo atafika akute mlango umefungwa. Sijui mchezo mwingine ambao umeweka adabu ya mwendo katika sheria zake waziwazi namna hii.

Anayepinga anaweza kufungua historia ya safari hii hii. Mwaka 1891, gazeti la Le Petit Journal lilipoiandaa kwa mara ya kwanza kama mashindano halisi, mshindi alikuwa Charles Terront, aliyerudi Paris baada ya saa 71 na dakika 22. Aliyekuwa akiongoza, Jiel-Laval, alilala njiani wakati wa kurudi, na Terront akampita usiku huohuo. Je, hapa si nguvu iliyoshinda, na yule aliyejigawa vizuri akabaki nyuma? Sioni hivyo. Terront alikuwa mzoefu wa mashindano ya muda mrefu na alijua mwili wake unaweza kukosa usingizi kwa siku ngapi kabla ya kuanguka. Kukesha kwake kulitokana na kujijua. Jambo la maana zaidi ni kwamba hesabu yake ilimfaa yeye. Wanaomwiga leo bila kuwa Terront ndio wanaosinzia wakiwa wameshika usukani saa nane za usiku na kutumbukia mtaroni. Kati ya saa 90 kuna nafasi ya kulala saa tisa, kukaa vituoni saa kumi, na bado kufika kwa mwendo usiozidi kilomita 17 kwa saa ukiwa barabarani. Karatasi na kalamu vingetosha kuwaokoa.

Mvutano kati ya nguvu na ufundi una historia ndefu, na chuma chenyewe kimeubeba. Paul de Vivie, mhariri wa jarida la baiskeli aliyeishi Saint-Étienne na kujulikana kwa jina la Vélocio, alitumia miaka mingi kuwatetea watu wanaotaka gia za kubadilisha. Mji wake umezungukwa na milima. Alijua kwamba mguu wa binadamu hufanya kazi vizuri ukizunguka kwa kasi inayokaribiana wakati wote, na kwamba ardhi ndiyo inayobadilika. Henri Desgrange, mwanzilishi wa Tour de France ya mwaka 1903, aliona gia za namna hiyo ni za wazee na wanyonge. Kwake, mwanamume alipaswa kuushinda mlima kwa misuli. Katika mashindano yake gia za kisasa zilikataliwa hadi mwaka 1937. Leo hakuna baiskeli ya mashindano ya barabarani isiyo na gia, na hakuna anayesema washindi wa sasa ni wanyonge. Vélocio ndiye pia aliyehimiza kula kabla ya njaa na kunywa kabla ya kiu.

Tuuone ufundi huu kwa karibu, mlimani. Chukua Kitonga, ule mwinuko wa kona nyingi baada ya Mahenge, barabara inapoacha bonde na kupanda kuelekea Ilula na Iringa. Anayeutegemea msuli huingia kwa kasi aliyotoka nayo bondeni, akasimama juu ya pedeli, na kwenye kona ya tatu anahema kwa mdomo wazi. Fundi hufanya kazi yake kabla ya mlima kuanza. Gia anaibadilisha mguu ukiwa bado mwepesi, kwa sababu cheni iliyokwisha kubebeshwa uzito wote wa mwili hukwaruza, hukataa kupanda kwenye meno makubwa ya nyuma, na wakati mwingine hukatika. Anakaa kwenye siti, mabega yamelegea, mikono haikazi usukani. Kipimo chake ni pumzi: akiweza kusema sentensi nzima bila kukatika, yuko ndani ya uwezo wake, akibaki na neno mojamoja, ameanza kukopa. Na mkopo huu hulipwa kwa riba. Wanga unaohifadhiwa kwenye misuli na ini hutosha saa chache tu za kazi ngumu, na ukiisha hakuna ushujaa wa kuurudisha upesi. Ndiyo maana mkono wake unaingia mfukoni kila baada ya nusu saa hivi, hata kama hana hamu: kipande cha ndizi, kiazi kitamu cha kuchemsha, kashata, maji yenye chumvi kidogo. Kwenye tambarare hesabu ni nyingine, kwa kuwa adui ni hewa. Anayetoka kilomita 20 kwa saa akaenda 30 ameongeza mwendo kwa nusu tu, lakini nguvu anayotakiwa kutoa dhidi ya hewa imeongezeka zaidi ya mara tatu. Dakika anazozipata hapo ni chache mno kwa gharama aliyolipa, na mwenye safari ndefu hazihitaji.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwetu wenyewe. Baiskeli Afrika Mashariki ni chombo cha kazi, na yupo atakayeuliza ni anasa gani hii ya kuhangaika barabarani bila mzigo wala abiria, wakati muuza mkaa husukuma magunia yake tangu alfajiri ili apate hela ya unga. Swali ni la haki. Kule Burundi, vijana hushuka na mikungu ya ndizi kutoka Bugarama hadi Bujumbura, zaidi ya mita 1,000 kwenda chini, na wakati wa kupanda wengine hushikilia malori kwa mkono mmoja. Baadhi yao wamekufa hivyo. Sitaugeuza umaskini wao kuwa burudani ya macho. Ila nasema kwamba watu hawa wanaithibitisha hoja yangu kuliko bingwa yeyote wa Ulaya. Mbeba mkaa anajua gunia lifungwe wapi kwenye karia ili gurudumu la mbele lisinyanyuke, anakaza kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu, anajua breki ibanwe lini kabla ya kona na iachiwe lini ipoe. Anajua ni mwinuko gani wa kuendesha na ni upi wa kushuka na kusukuma, na hasukumi kwa aibu: ameshapiga hesabu. Nguvu anazo, ila angekuwa nazo peke yake asingemaliza wiki. Tofauti yake na wa Brest ni kwamba wa Brest alichagua njia, mbeba mkaa alisukumwa na hitaji. Hilo ni suala la haki na kipato, na litatuliwe huko. Ufundi wao ni mmoja, na heshima tunayompa aliyevaa kaptura ya kubana tulipaswa kuwa tumeshampa mwenye gunia zamani.

Kuhusu hatari ya barabara sina la kubishana. Barabara kuu isiyo na ukingo wa lami pembeni, ambamo basi hulipita lori kwenye kona, haiwezi kutiishwa kwa umahiri wa mwendesha baiskeli. Taa, kizibao cha kuakisi mwanga na masikio yaliyo wazi hupunguza hatari tu. Kuchagua njia ni nusu ya kazi, na anayezunguka kilomita 30 zaidi ili kukwepa barabara ya malori amefanya uamuzi wa kifundi. Nusu iliyobaki ni ya wanaojenga barabara, na wanapaswa kuulizwa.

Limebaki suala la malengo. Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Kigali. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, zenye miinuko inayozidi mita 5,000 kwa jumla. Walianza zaidi ya 160, wakamaliza 30, Tadej Pogačar wa Slovenia akiwa wa kwanza. Miongoni mwa walioacha njiani walikuwemo watu wanaolipwa kwa kazi hii, na hakuna aliyewacheka. Njia ile ilipangwa ili ibaki na mmoja. Lengo la mtu binafsi hupangwa kwa namna tofauti, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kuazima vipimo vya mabingwa: kasi ya fulani, mlima uliopandwa na fulani. Lengo zuri lina umbali unaojulikana, muda unaojulikana, na sababu ya kuacha iliyoamuliwa nyumbani, kichwa kikiwa kimetulia. Goti likianza kuuma kwa kuchoma, macho yakifumba yenyewe, safari imekwisha kwa siku hiyo. Bila sharti hilo la tatu, mawili ya kwanza huwa ni kamari.

Kwa anayeanza huku kwetu, kilomita 200 ni mahali pazuri pa kujipima; ni karibu sawa na umbali wa Dar es Salaam hadi Morogoro, ingawa singemshauri aitumie barabara hiyo yenye malori. Jua la ikweta limeshampangia ratiba. Mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, na kanuni za Audax zinatoa saa 13 na nusu: aondoke saa 11 alfajiri, muda wake unaisha saa 12 na nusu jioni. Afanye kilomita 110 kabla ya saa tano na nusu asubuhi, joto kali la mchana likiwa bado halijafika. Kuanzia hapo hadi saa tisa asiende popote: ale wali, anyooshe miguu kwenye mkeka, aache lami iwake bila yeye. Zitabaki kilomita 90 na saa tatu na nusu, na hapo atagundua kwamba hazitoshi. Arudi kwenye karatasi akate saa moja na nusu ya kivuli, aanze tena saa saba na nusu, na achukue chupa ya tatu ya maji.